Sura ya 6: Mikono ya Mhudumu katika Makao ya Wazee

Katika makao ya wazee, vimelea vingi vya magonjwa hutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kupitia mikono ya wahudumu. Mzee asiyejiweza huguswa mara nyingi kwa siku: huoshwa, hubadilishwa nepi, huvalishwa, hulishwa, hupewa dawa, hugeuzwa kitandani ili asipate vidonda vya kulalia. Anayemfanyia hayo ana wazee wengine katika zamu hiyohiyo, na wote wanahitaji mambo yaleyale, mara nyingi kwa wakati mmoja. Kengele ya chumba cha pili hulia kabla kazi ya chumba cha kwanza haijaisha, na katika haraka hiyo vimelea hupata usafiri.

Kinachomkinga mzee si idadi ya mara ambazo mhudumu ananawa, bali ni wakati gani ananawa. Mhudumu anaweza kunawa mara thelathini kwa siku na bado akaambukiza, ikiwa mara zote thelathini ni baada ya kumaliza kazi chafu na hakuna hata moja iliyo kabla ya kazi inayohitaji usafi. Utafiti unaonyesha kuwa hapo ndipo penye pengo. Mapitio makubwa ya tafiti za hospitalini yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kwamba watumishi wa afya husafisha mikono katika asilimia 40 tu ya nyakati zinazostahili. Baada ya kumgusa mgonjwa ni asilimia 47, lakini kabla ya kumgusa ni asilimia 21. Binadamu hunawa anapojiona mchafu. Mzee hukingwa na mkono ulionawishwa ukiwa bado unaonekana safi.

Kwa nini wazee wa makaoni wako hatarini

Ngozi ya uzeeni ni nyembamba, na huchubuka hata kwa kuburutwa juu ya shuka. Nguvu ya kukohoa hupungua, hivyo mate na chakula huingia mapafuni kwa urahisi na kuleta nimonia. Kibofu hakimwagi mkojo wote, na mkojo unaobaki hulea bakteria. Kisukari, kiharusi na maradhi ya kusahau huzidisha udhaifu huo. Baadhi ya wazee wana mpira wa mkojo, mrija wa kulishia au kidonda kilicho wazi. Kwa mwenye mpira wa mkojo, uwezekano wa bakteria kuingia kibofuni ni kati ya asilimia 3 na 7 kwa kila siku inayopita. Mpira ukikaa mwezi mmoja, karibu kila mzee huwa na bakteria katika mkojo, hata kama haumwi.

Pamoja na hayo, makao ni nyumbani. Hospitalini mgonjwa hulala siku chache akaondoka, ilhali makaoni mzee hukaa miezi au miaka. Wazee hula pamoja, huangalia televisheni pamoja, hushikana mikono wakati wa sala na michezo. Bakteria sugu wakiingia, hukaa juu ya ngozi au ndani ya utumbo wa mtu asiye na dalili yoyote, na haiwezekani kumfungia mtu huyo chumbani maisha yake yote. Kwa hiyo kinga haiwezi kutegemea kujua nani ana nini. Lazima mhudumu amchukulie kila mzee kana kwamba anaweza kubeba vimelea, na pia kana kwamba anaweza kudhuriwa navyo.

Dalili nazo hujificha. Mzee mwenye maambukizi ya mkojo au nimonia huenda asipate homa kabisa. Badala yake huanza kuchanganyikiwa ghafla, hukataa chakula, husinzia mchana au huanguka. Anayeyaona mabadiliko hayo kwanza ni mhudumu wa kila siku, si daktari, na kuyaripoti mapema ni sehemu ya kuzuia maambukizi.

Nchini Marekani, ambako wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kenya, Tanzania na Kongo hufanya kazi hii, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC) kimekadiria kuwa maambukizi makali kati ya milioni 1 na milioni 3 hutokea kila mwaka katika vituo vya kulelea watu kwa muda mrefu, na kwamba watu wanaofikia 380,000 hufa kwa maambukizi hayo. Udhaifu wa vituo hivyo ulidhihirika mapema mwaka 2020 katika kituo kimoja cha mji wa Kirkland, jimbo la Washington. Hadi tarehe 18 Machi wagonjwa 167 wa Uviko-19 walikuwa wamehusishwa nacho: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Uviko-19 huenea zaidi kwa hewa, hivyo mikono safi peke yake isingetosha kuuzuia. Hata hivyo, wachunguzi waliokwenda katika vituo vya eneo hilo walikuta kasoro ambazo ndizo hulea maambukizi ya kila aina: wafanyakazi waliokuja kazini wakiumwa, waliofanya kazi katika vituo zaidi ya kimoja, na upungufu wa vifaa vya kujikinga na wa vitakasa mikono.

Somo la Vienna na la Geneva

Ushahidi kwamba mkono wa mtumishi wa afya unaweza kuua ni wa zamani. Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alichunguza kwa nini wazazi waliohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko waliohudumiwa na wakunga. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Mikono yao ilikuwa imenawishwa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilikuwa bado ipo. Semmelweis aliwaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili mwaka huo vifo vilikuwa zaidi ya 18 kwa kila wazazi 100. Kufikia Juni vilikuwa takriban 2. Bakteria walikuwa bado hawajajulikana kuwa chanzo cha homa hiyo, na madaktari wengi wa zama zake waliyakataa maelezo yake.

Karne moja na nusu baadaye hoja haikuwa tena kama kunawa kunasaidia, bali kwa nini watu wanaojua hilo hawanawi. Katika hospitali za chuo kikuu cha Geneva, daktari Didier Pittet na wenzake waliona kuwa muuguzi mwenye kazi nyingi hana muda wa kwenda kwenye sinki kila inapopasa. Wakaweka kitakasa mikono chenye alkoholi kando ya kitanda, wakabandika mabango na kuwapa wafanyakazi matokeo ya ufuatiliaji. Kati ya 1994 na 1997, usafishaji wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa waliopata maambukizi hospitalini wakapungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009, unaotumika hadi leo.

Nyakati tano, katika usafi wa asubuhi

Mwongozo wa WHO unataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa au kuhofia kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Mbili za kwanza humlinda mzee. Tatu za mwisho humlinda mhudumu, wenzake na wazee wengine. Namna zinavyofanya kazi huonekana vizuri katika shughuli ya kawaida kuliko zote: kumwandaa asubuhi mzee asiyetoka kitandani, mwenye mpira wa mkojo na aliyejisaidia kwenye nepi.

Mhudumu hukusanya kwanza kila kitu: beseni, taulo, nepi, nguo, shuka safi, mfuko wa nguo chafu na glavu za kutosha. Akisahau kitu, atalazimika kufungua kabati kwa mikono ya kazi. Anaingia, anamwamkia mzee, anasafisha mikono mbele yake, na ndipo anapomgusa. Uso huoshwa mwanzo, macho kabla ya mengine, kuanzia upande wa pua kwenda nje, kila jicho kwa upande safi wa kitambaa. Kisha hufuata mikono, kifua, kwapa, miguu na mgongo. Sehemu za siri hubaki mwisho, na maji hubadilishwa kabla ya kuzifikia.

Kwa kazi hiyo mhudumu husafisha mikono na kuvaa glavu safi. Mwanamke huoshwa kutoka mbele kwenda nyuma, ili bakteria wa haja kubwa wasifikishwe kwenye njia ya mkojo. Mwanamume asiyetahiriwa hurudishwa govi nyuma taratibu, huoshwa, kisha govi hurejeshwa mahali pake. Mpira wa mkojo hufutwa kuanzia pale unapoingia mwilini kwenda nje, wala si kinyume, na mfuko wake huning'inia chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu.

Nepi chafu ikishaondolewa na mzee akishasafishwa, ndipo kosa linapotokea mara nyingi. Glavu zenye kinyesi bado ziko mikononi, nepi safi iko pembeni, na mzee amelala ubavu akisubiri. Haraka humsukuma mhudumu kumvalisha nepi safi kwa glavu zilezile, kisha kuvuta shuka, kushika reli ya kitanda, kusogeza kengele na kuwasha taa. Vitu vyote hivyo vitaguswa baadaye na mzee mwenyewe, muuguzi na mgeni. Utaratibu sahihi ni kuvua glavu, kusafisha mikono, kuvaa glavu nyingine ikibidi, na ndipo kuendelea. Kitakasa mikono kikiwa karibu na kitanda, hatua hiyo haichukui hata dakika moja.

Kazi ya kinywa hufanywa kwa mikono iliyosafishwa upya na glavu mpya. Meno bandia husuguliwa juu ya sinki iliyotandikwa taulo, ili yakiponyoka yasivunjike. Kumlisha mzee huanza tena kwa mikono safi. Shuka chafu hazikung'utwi: hukunjwa kuelekea ndani, hushikwa mbali na sare, huingizwa kwenye mfuko hapohapo chumbani, na haziwekwi sakafuni wala kwenye kiti.

Mwaka 2012 WHO ilitoa mwongozo mahsusi kwa huduma za nyumbani na makao ya muda mrefu. Unatambua kwamba mzee anayejitegemea, anayetembea mwenyewe na kula mezani na wenzake, si sawa na mgonjwa aliyelala wodini. Kumpa mkono mzee ukumbini au kukaa naye kucheza karata si huduma ya tiba. Nyakati tano huhesabiwa pale huduma inapotolewa.

Namna ya kusafisha

Kwa mikono isiyo na uchafu unaoonekana, kitakasa mikono chenye alkoholi ndicho chaguo la kwanza. Huua bakteria wengi na virusi vingi haraka kuliko sabuni, na hakihitaji sinki. Fomula mbili za WHO, zinazoweza kutengenezwa mahali zinapotumika, zina ethanoli ya asilimia 80 au alkoholi ya isopropili ya asilimia 75, pamoja na gliserini kidogo ya kulainisha ngozi na haidrojeni peroksaidi ya kuua mbegu za bakteria ndani ya chupa. Kinachotiwa kiganjani kitoshe kuenea mikono yote, na kisuguliwe kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke chenyewe. Kukipangusa au kukipepea kabla hakijakauka ni kukinyima muda wa kufanya kazi.

Sabuni na maji hutumika mikono ikiwa na uchafu, damu au kinyesi, baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, na katika magonjwa yatakayotajwa mbele. Shughuli nzima huchukua sekunde 40 hadi 60. Maeneo yanayosahaulika ni ncha za vidole, kidole gumba na katikati ya vidole, na ndiyo yanayogusa zaidi. Ncha za vidole husuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, na kila gumba hushikwa na kuzungushwa ndani ya ngumi.

Katika mtihani wa cheti cha wahudumu wasaidizi nchini Marekani, wanaotakiwa kisheria kupata mafunzo yasiyopungua saa 75, kunawa mikono ni stadi inayopimwa. Mtahiniwa hunawa vidole vikielekea chini ili maji yasirudi kwenye viwiko, husugua kwa sekunde zisizopungua 20, hukausha kwa karatasi, na hufunga bomba kwa karatasi nyingine kavu. Akigusa ndani ya sinki, huanza upya. Kanuni ya bomba ina sababu: lilifunguliwa kwa mkono mchafu.

Chombo cha sabuni ya maji kisiongezewe sabuni mpya juu ya iliyobaki, kwa kuwa bakteria huweza kukua humo. Huachwa kiishe, kikaoshwa na kukaushwa, ndipo kikajazwa. Sabuni ya kipande iwe ndogo na iwekwe juu ya kichujio ili ikauke. Taulo moja ya kitambaa inayotumiwa na watu wote haifai.

Glavu

Glavu za mpira ziliingia hospitalini kwa sababu nyingine kabisa. Karibu na mwaka 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, mpasuaji William Halsted aliagiza glavu kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye ngozi ya mikono yake iliharibiwa na dawa ya kuulia vijidudu. Baadaye tu ndipo zilipotambuliwa kuwa kinga kwa mgonjwa pia.

Glavu huvaliwa pale mkono unapoweza kukutana na damu, mkojo, kinyesi, kidonda au utando laini wa mwili. Hazihitajiki kwa kumsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu, kumvalisha shati au kumshika mkono. Zikivaliwa muda wote huleta madhara, kwa kuwa humfanya mhudumu asihisi uchafu, naye husahau kuzibadilisha. Pia zina vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Ndiyo maana mikono husafishwa kabla ya kuvaa na mara tu baada ya kuvua. Glavu za matumizi ya mara moja hazioshwi wala hazitiwi kitakasa ili zitumike kwa mzee mwingine.

Katika vituo vya Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2024 mamlaka za serikali kuu zinataka pia gauni pamoja na glavu wakati wa kazi za mgusano mkubwa, kama kuogesha, kuvalisha, kubadilisha nepi na kuhudumia mirija, kwa wazee wenye vidonda vya muda mrefu, mirija au bakteria sugu. Mzee huyo bado huruhusiwa kutoka chumbani na kushiriki shughuli za wenzake.

Kucha, pete na ngozi

Vimelea hukaa zaidi chini ya kucha. WHO inashauri kucha za asili zisizidi nusu sentimeta, na kucha za bandia zisivaliwe na anayewahudumia wagonjwa. Pete na bangili huzuia sabuni kufika kwenye ngozi iliyo chini yake.

Ngozi iliyopasuka huhifadhi bakteria wengi zaidi, tena huuma, na mhudumu anayeumia hukwepa kunawa. Maji ya moto huongeza ukavu bila kuongeza usafi wowote, hivyo maji ya vuguvugu au baridi yanatosha. Mikono isivalishwe glavu ikiwa na maji. Mafuta ya kulainisha hupakwa mapumzikoni na mwisho wa zamu; yale yanayotokana na petroli hudhoofisha glavu za mpira.

Magonjwa matatu yasiyotii alkoholi

La kwanza ni kuhara kunakosababishwa na bakteria Clostridioides difficile, ambako hufuata matumizi ya antibiotiki. Bakteria huyu hutengeneza mbegu ngumu ambazo alkoholi haiziui na ambazo hudumu kwenye vyombo kwa miezi. Hapa mikono huoshwa kwa sabuni na maji, si kwa sababu sabuni inaziua mbegu, bali kwa sababu msuguano na maji huziondoa. Choo, reli za kitanda na vitasa hupanguswa kwa dawa ya klorini.

La pili ni virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara kwa ghafla saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa. Chembe chache tu hutosha kumwambukiza mtu, ndiyo maana makao yote yanaweza kuugua ndani ya siku chache. Sabuni na maji hutangulizwa, matapishi husafishwa kwa klorini, na mfanyakazi aliyeugua hukaa nyumbani kwa angalau saa 48 baada ya dalili kukoma.

La tatu ni upele unaosababishwa na utitiri unaochimba ngozini. Kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huanza baada ya wiki nne hadi sita, na wakati wote huo anaambukiza. Mzee dhaifu anaweza kupata aina yenye magamba mazito, yenye utitiri kwa maelfu, pengine bila kujikuna sana. Kitakasa hakisaidii. Kinachohitajika ni glavu na gauni, kuwatibu kwa wakati mmoja wote waliogusana naye, na kufua nguo na shuka kwa maji ya moto.

Mikono ya mzee na ya mgeni

Mzee naye hugusa choo, meza na uso wake. Asaidiwe kunawa kabla ya kula na baada ya choo, hata kama anatembea mwenyewe. Kwa aliye kitandani, kitambaa chenye maji na sabuni kinatosha. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kunywa kitakasa mikono, kwa hiyo kwenye vitengo hivyo wahudumu hubeba chupa ndogo mfukoni badala ya kuziacha ukutani. Wageni huelekezwa mlangoni kusafisha mikono, na anayekohoa au kuhara huombwa aahirishe ziara.

Wajibu wa makao

Mhudumu hawezi kunawa pasipo na maji, hivyo sehemu ya wajibu ni ya makao yenyewe. Serikali ya Marekani inadai kila kituo kinachopokea fedha zake kiwe na mtaalamu wa kuzuia maambukizi, sharti lililoanza kutumika tarehe 28 Novemba 2019. Katika Afrika Mashariki wazee wengi hulelewa na familia zao, na makao kama Sebleni na Welezo mjini Unguja au Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, ni machache. Vimelea na kanuni ni vilevile. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinachobonyezwa kwa mguu hutoa maji bila mkono kugusa chombo, na sabuni hufungwa kando yake.

Uongozi hupima hali kwa njia tatu. Kwanza, huhesabu sabuni, kitakasa na glavu zinazotumika kwa mwezi; glavu zikiisha haraka huku kitakasa kikibaki, ni dalili kwamba zinavaliwa badala ya kunawa. Pili, mtu aliyefunzwa hutazama huduma zikitolewa na kuandika ni nyakati zipi mikono ilisafishwa na zipi hazikufuatwa, akitenganisha za kabla na za baada. Tatu, matokeo hurudishwa kwa wahudumu wenyewe, pamoja na idadi ya wazee walioambukizwa. Likizo ya ugonjwa yenye malipo na idadi ya wahudumu inayolingana na kazi huingia katika hesabu hiyohiyo, kwa kuwa mhudumu mgonjwa asiyeweza kukosa ujira, au aliye peke yake na kengele nne zinazolia, hatapata wakati wa kunawa kabla ya kugusa.